Barua kwa mwanangu: kuhusu jiwe, na kuhusu wanaotutazama

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku ulisimama mlangoni umejitanda shuka, ukaniuliza mawili kwa pumzi moja: ni kweli kuna jiwe linakuja kuiangamiza Dunia, na ni kweli kuna viumbe huko juu wanatutazama, wanangoja waone itakuwaje? Nikakwambia kalale. Lile halikuwa jibu, na tangu usiku ule maswali yako hayajanitoka. Nimeona nikuandikie, usome mwenyewe, na pale usipoelewa urudie mara mbili.

Nianze na jiwe.

Mawe yapo, sitakuficha. Miaka milioni 66 iliyopita moja lenye upana wa kilomita 10 hivi lilianguka pale ambapo leo ni rasi ya Yucatán, nchini Mexico, na dinosaria wakatoweka, wakabaki wale wadogo wenye manyoya ambao leo tunawaita ndege. Lakini mawe ya ukubwa ule ni machache na hayafichiki. Yale yanayopita karibu na njia ya Dunia na kuzidi upana wa kilomita moja, zaidi ya asilimia 90 yameshaonekana na njia zake zinajulikana, na hakuna hata moja linalotujia katika miaka 100 ijayo. Kazi iliyobaki ni kwa yale ya kati, ya mita 140 hivi na kuendelea. Hayo hata nusu hayajapatikana, na kila usiku kuna watu wako macho wanayatafuta.

Hata jiwe dogo lina mambo yake. Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita kama 20 liliingia juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, kwa kasi ya kilomita 19 hivi kwa sekunde, likapasuka likiwa bado juu sana, kilomita 30 hivi. Mwanga wake ulilishinda Jua. Watu wakafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya: walikimbilia madirishani kutazama. Ila mwanga hufika papo hapo, na mshindo huja nyuma yake taratibu. Ilipita zaidi ya dakika nzima, watu bado wamebandika nyuso kwenye vioo, ndipo mshindo ukafika na vioo vikapasuka. Watu kama 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo. Hakuna aliyekufa. Katika shule moja mwalimu aliwaamuru wanafunzi wake 44 wa darasa la nne, watoto wa rika lako, waingie chini ya madawati. Yeye alikatwa na vioo, watoto hawakuguswa.

Kwa hiyo katika barua hii yote, hili lishike: ukiona mwanga mkubwa wa ghafla angani, usiende dirishani. Rudi ndani, kaa mbali na vioo, ngoja dakika kadhaa. Kutazama utatazama baadaye.

Siku hiyohiyo wataalamu walikuwa wakilingojea jiwe jingine kabisa, ambalo lilijulikana tangu mwaka uliotangulia na likapita kilomita 27,000 hivi kutoka ardhini bila kumgusa mtu. Hili la Chelyabinsk halikuwa ndugu yake. Lilitokea upande wa Jua, na darubini za hapa chini haziwezi kutazama upande ule, ni kama mtu anayekujia na Jua likiwa mgongoni kwake. Ndiyo maana NASA, shirika la anga la Marekani, inajenga darubini iitwayo NEO Surveyor, ya kukaa angani na kuyatafuta mawe kwa joto lake, si kwa mwanga wake.

Sasa ile asilimia 3 uliyoambiwa na rafiki yako, kwamba ndiyo nafasi ya jiwe kutugonga. Hakuitunga. Mwishoni mwa Desemba 2024 liligunduliwa jiwe lililopewa jina 2024 YR4, na hadi katikati ya Februari 2025 uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulikuwa umepanda hadi asilimia 3.1. Siku chache baadaye ukashuka karibu na sifuri. Wengi walidhani wataalamu wamebabaika. Hawakubabaika, na nataka ulione hilo kwa macho yako.

Chukua tochi, zima taa. Simama mbali na ukuta wenye ule msumari tunaotundikia kalenda, uielekeze tochi pembeni kidogo ya msumari. Mduara wa mwanga ni mpana, msumari umo ndani, lakini ni kitu kidogo sana katika mduara mkubwa. Sasa sogea hatua mbili bila kugeuza mkono. Mduara umepungua, msumari ni uleule, na bado umo: sehemu yake katika mduara imekuwa kubwa. Hapo ndipo watu huanza kuogopa. Sogea tena. Mduara umekuwa mdogo, na msumari umeachwa nje, gizani. Msumari ndio Dunia. Mduara ni mahali pote ambapo jiwe lingeweza kupita kwa kadiri tunavyojua, na kila usiku wa kulitazama ni hatua moja kuelekea ukutani. Ukisikia tena asilimia zinapanda, kumbuka tochi, kisha uliza wamesogea hatua ngapi.

Yaliwahi kutokea hayohayo mwaka 2004 kwa jiwe la Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi. Desemba ya mwaka huo uwezekano wa kutugonga 2029 ulifika asilimia 2.7. Leo tunajua halitatugonga kwa angalau miaka 100. Nitalirudia, kwa sababu tuna miadi nalo.

Na kama siku moja mduara utabaki na msumari ndani yake? Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kilielekezwa makusudi kwenye jiwe la mita 160 hivi, Dimorphos, kilomita milioni 11 kutoka hapa. Jiwe lile halikuwa likitujia. Lilichaguliwa kwa sababu linalizunguka jiwe kubwa zaidi, Didymos, kama mwezi, kwa hiyo ni rahisi kulipima. Picha za kamera ya chombo zilikuja moja baada ya nyingine: kwanza nukta, kisha kitu kama yai la kijivu, kisha kokoto na vivuli vyake, kila moja peke yake, kisha picha iliyokatika kabla ya kumalizika. Basi. Kimya. Wataalamu walikuwa wamesema mzunguko wa jiwe ukipungua hata sekunde 73 watahesabu wamefaulu. Ulikuwa wa saa 11 na dakika 55. Zikapungua dakika 32 hivi. Tangu Dunia iwepo mawe yamekuwa yakienda yanakotaka, na siku ile ndiyo ya kwanza jiwe kusukumwa na mkono wa mwanadamu. Wewe ulikuwa na miaka mitano, umelala.

Hatari nyingine za angani sitazikalia sana. Jua lina kama miaka bilioni 5 kabla halijavimba na kuwa jekundu. Betelgeuse, ile nyota nyekundu begani mwa kundi la nyota la Orion, italipuka, lakini iko zaidi ya miaka ya nuru 500 kutoka hapa, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka mzima. Tutaiona iking'aa hata mchana, na haitatudhuru. Dhoruba za Jua ndizo naona ziheshimiwe. Machi 1989 moja ilizima umeme katika jimbo la Québec, Kanada, kwa saa 9 hivi, watu milioni 6 wakabaki gizani. Nyingine kubwa kuliko hiyo ilipiga mwaka 1859, umeme wa angani ukaingia kwenye nyaya za telegrafu hata wafanyakazi wakachomoa betri na kuendelea kupelekeana ujumbe bila hizo.

Nije kwa watazamaji. Hapa ndipo ulipouliza kwa sauti ya chini.

Sayari nyingi za mbali tunazigundua zinapopita mbele ya nyota zao na kuufifisha mwanga kidogo. Sasa geuza: nani huko nje amekaa mahali ambapo angeiona Dunia ikipita mbele ya Jua? Mwaka 2021 wanaastronomia wawili, Lisa Kaltenegger na Jackie Faherty, walizihesabu. Katika miaka 5,000 iliyopita, nyota 1,715 zilizo karibu nasi zimekuwa mahali hapo kwa wakati fulani. Kwa hiyo kama kuna mwenye darubini na subira, nafasi ya kutuona ameshaipata. Sidai kwamba yupo. Nasema kiti kipo.

Lakini mtazamaji, popote alipo, anachelewa. Tuiazime Sirius kwa mchezo. Haimo katika orodha ile, ila ndiyo nyota ing'aayo kuliko zote usiku na unaijua. Mwanga huchukua miaka 8.6 kutoka hapa hadi kule. Wewe una miaka tisa. Kwa hiyo wa Sirius akituelekezea darubini yake usiku huu, anakuona ukiwa na miezi kama mitano: ufizi umevimba, jino la kwanza linataka kutoka, huoni usingizi ila ukibebwa nje kwenye upepo. Nilikuwa nakubeba begani, nakupigapiga mgongo, natembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanga wa siku zile ndio unafika kule sasa. Habari ya DART bado hawana. Itawafikia mwaka 2031. Na aliye katika galaksi ya umbali wa miaka ya nuru milioni 66, yeye bado anawatazama dinosaria.

Siku hizohizo za jino lako, Oktoba 2017, darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii ilikamata kitu kilichokuja kutoka nje ya mfumo wetu wa Jua, cha kwanza kuonekana. Wakakiita 'Oumuamua, neno la Kihawaii lenye maana ya mjumbe aliyetangulia kutoka mbali. Kilikuwa kirefu, kikijibiringisha, kisha kikaongeza kasi kidogo bila kuonyesha mkia kama wa nyotamkia. Mwanaastronomia Avi Loeb wa Chuo Kikuu cha Harvard alisema huenda kimetengenezwa na viumbe wengine. Darubini za redio zikategewa kukisikiliza. Hakikutoa hata mlio. Wanaastronomia wengi wanaona ni kipande cha jiwe au barafu kilichong'oka kwenye mfumo wa nyota nyingine, na mimi nakubaliana nao. Hata hivyo napenda kwamba walisikiliza. Mgeni akipita mlangoni humwachi aende bila kumwitikia.

Wapo waliodhani wamesikia kweli. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa bado mwanafunzi, alikuta mapigo ya redio yanayojirudia kila sekunde 1.34 hivi, sawasawa kama saa. Kwa mzaha chanzo chake wakakiita watu wadogo wa kijani. Ilikuwa nyota iliyokufa inayozunguka kwa kasi, na aina hiyo haikuwa imewahi kujulikana. Huko Parkes, Australia, kwa miaka mingi darubini ilikuwa ikinasa milio mifupi ya ajabu, hadi mwaka 2015 walipogundua inatoka kwenye jiko la maikrowevu la hapohapo, kila mtu alipofungua mlango kabla muda haujaisha. Nawapenda watu wale kwa kutoacha kutafuta mpaka wakafika jikoni kwao.

Basi mbona kimya? Mwanafizikia Enrico Fermi aliuliza hivyo mezani wakati wa chakula mwaka 1950: wako wapi? Mwaka 1973 mwanaastronomia John Ball akapendekeza kwamba wapo, ila wametuacha kama wanyama ndani ya hifadhi, tusiguswe. Mimi hilo halinikai. Mlinzi wa hifadhi angalau huonekana akikarabati uzio. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya hiki nadhani ni umbali tu. Ujumbe uliotumwa kutoka darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1974 umeelekezwa kwenye kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru 25,000 hivi. Hata wakijibu siku ileile utakapowafikia, majibu yatatumia miaka mingine mingi hivyohivyo. Tumengoja miaka hamsini na kidogo.

Kuna jambo moja linanigusa kila nikilikumbuka. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager vilirushwa vikiwa na santuri zilizopakwa dhahabu, zenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kisumeri, ambacho hakuna mtoto anayelelewa nacho tena, kimo. Kiswahili hakimo. Sasa Voyager 1 iko mbali hivi kwamba hata mwanga huchukua zaidi ya saa 23 kuifikia, na hakuna wa kuirudisha ili tuwaambie walioiandaa santuri kwamba wametusahau.

Miadi yetu ni Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029. Usiku huo Apophis litapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi, karibu kuliko zilipo setilaiti nyingi za televisheni, na litaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia, kama nyota ya kawaida, ila inatembea. Utakuwa unakaribia miaka 12. Hutaambiwa ukalale.

Kabla ya hapo nina ombi. Nyuma ya karatasi hii nimeacha nafasi. Iandike hapo salamu yetu, ya sekunde chache tu kama zile nyingine, ya kumwamkia mtu usiyejua ni mkubwa wako au mdogo wako. Usiku huo tukiwa nje, jiwe likipita, utaisoma kwa sauti.

Mama yako