Bei kamili ya mali ya mkopo iandikwe kabla mteja hajatia saini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotugusa sisi wakazi wa Jiji la Tanga, na bila shaka wasomaji wako wa miji mingine, nalo ni namna bidhaa zinavyouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo bila mnunuzi kuelezwa jumla ya fedha atakazokuwa ametoa siku mali itakapokuwa yake.

Siyapingi maendeleo, na nitakuwa mtovu wa shukrani nikisema hayapo. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za uchumi wa kati wa ngazi ya chini, na hapa kwetu mabadiliko yanaonekana. Meli ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikitia nanga mbali na mizigo yake kuletwa nchi kavu kwa matishari, sasa zinafunga kwenye gati zenye urefu wa mita 450 baada ya bandari kuongezewa kina. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kazi hizi zimeleta watu na fedha, na fedha hizo zimeleta maduka. Anayepita Ngamiani leo anakuta majokofu, televisheni bapa, majiko ya gesi na simu za kisasa zimepangwa hadi barazani, na kijana wa kibarua aliyekuwa akiviangalia kwa mbali sasa anaambiwa avichukue leo na kulipa polepole.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama Makorora, na kwa kuwa daftari la mikopo liko mikononi mwangu, naona sababu zinazowaleta wanachama kukopa. Zamani wengi walikopa kwa ajili ya ada, mtaji wa biashara ya samaki au dagaa, au kumalizia nyumba. Siku hizi wapo wanaokopa kwenye kikoba ili wapate rejesho la simu au la jokofu, yaani wanalipa deni kwa deni, na ukimuuliza mmoja wao kitu hicho kitamgharimu kiasi gani mpaka mwisho, anakutajia kiasi cha kila siku tu. Si kwamba hajui hesabu, kwa maana huyo huyo ukimpunja shilingi mia kwenye fungu la dagaa atakushika papo hapo. Hakuambiwa jumla, na karatasi aliyotia saini, kama alipewa, haikuitaja mahali ambapo jicho la kawaida lingeiona.

Tuchukue mfano wa simu inayouzwa shilingi 250,000 taslimu. Muuzaji anadai kianzio cha shilingi 50,000, kisha shilingi 1,200 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 1,200 ni fedha ambayo mama ntilie anaweza kuitoa bila kutetemeka, lakini siku 365 zinafanya shilingi 438,000, na ukiongeza kianzio mnunuzi ametoa shilingi 488,000, karibu mara mbili ya bei ya taslimu. Pengine angekubali hata kama angelijua hilo, kwa sababu hana shilingi 250,000 za kutoa kwa mkupuo na simu ndiyo inayompokelea malipo ya wateja wake. Huo ungekuwa uamuzi wake, nami ningeuheshimu. Ninachokataa ni kumfanya aamue gizani, kisha akichelewa siku chache simu ijifunge yenyewe na riziki isimame.

Pikipiki za mkataba, ambazo dereva humpelekea mwenye mali fedha kila siku mpaka chombo kiwe chake, zina uzito zaidi, ingawa nakiri kwamba zimewapa vijana wengi mali ambayo wasingeipata kwa njia nyingine. Kijana anapeleka hesabu kila siku kwa miezi kadhaa, anaugua au chombo kinaharibika, naye mwenye mali anakuja kukichukua, na fedha zote alizokwisha kutoa hazihesabiwi kuwa kitu. Nchi hii ina sheria ya mauzo ya mali kwa malipo ya awamu tangu mwaka 1966, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Sidhani kama vijana wengi wa vijiweni wamewahi kuisikia.

Kuhusu mikopo ya fedha kwa njia ya simu sitasema mengi, maana Benki Kuu ilikwishalishughulikia kwa kutangaza Novemba 2024 orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua ile ilionyesha kwamba mamlaka zikiamua kumlinda mlaji zinaweza. Lakini mkopo uliojificha ndani ya bei ya jokofu hauonekani kama mkopo, na kwa hiyo unapita bila kuulizwa.

Mwaka huo huo wa 2024, mamlaka yetu ya maji hapa Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ambayo mnunuzi wake anaikopesha mamlaka fedha za mradi unaojali mazingira kisha analipwa riba, ya shilingi bilioni 53.12. Kila aliyetaka kuinunua alielezwa kwa maandishi kwamba riba ni asilimia 13.5 kwa mwaka na muda ni miaka 10, kabla hajatoa hata senti moja. Ndivyo inavyostahili. Basi kwa nini mwenye mamilioni ya kuwekeza apewe maelezo kamili, na muuza vitumbua anayenunua jokofu la barafu anyimwe, wakati yeye ndiye ambaye kosa la hesabu litamlaza njaa?

Naiomba Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, pamoja na maofisa biashara wa Halmashauri ya Jiji wanaopita madukani kukagua leseni, waanze kudai jambo moja. Kila duka linalouza kwa awamu limpe mteja karatasi ya Kiswahili yenye bei ya taslimu, kianzio, kiasi cha rejesho na idadi ya marejesho, jumla ya fedha zote, na kitakachotokea akichelewa au akishindwa kuendelea. Asomewe kama hawezi kusoma, apewe muda wa kwenda nayo nyumbani, na akikubali kutia saini, nakala ibaki kwake.

Msomaji wako,
Katibu wa kikoba, Makorora, Tanga