Njano ya kaizari kwenye filamu ya rangi mbili

Mpendwa rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini joho la kifalme kwenye zile filamu bubu zinazoigiza China ya kale linatoka jeupe, ilhali njano kali ilikuwa haki ya kaizari wa Qing, ukoo wa mwisho wa makaizari wa China, na wachache wa nyumba yake. Mafundi nguo hawana kosa. Kosa ni la kamera.

Chukua filamu fupi kama Manchu Love, ya studio ya MGM, 1929, iliyopigwa kwa Technicolor ya rangi mbili, yaani mfumo wa zamani wa filamu za rangi uliotumia rangi mbili tu. Kamera yake ilikuwa na lenzi moja, na nyuma ya lenzi kulikuwa na prizimu, kipande cha kioo kilichogawa mwanga, nusu upite kichujio chekundu na nusu cha kijani. Mkanda ulikuwa mmoja, mweusi-mweupe, ukipigwa fremu (picha) mbili kwa mpigo, moja ikiwa kichwa chini. Ndiyo maana kamera ilikula mkanda maradufu! Maabara ilitenganisha fremu hizo na kutengeneza mihuri miwili ya jelatini, iliyonyonya rangi na kuichapa kama muhuri wa wino; penye jelatini nene rangi ilishika zaidi. Muhuri wa kichujio chekundu uliloweshwa rangi ya kijani-buluu, wa kijani nyekundu-chungwa, kisha yote miwili iligandamizwa kwa zamu kwenye mkanda mtupu.

Sasa fuata njano. Inaakisi mwanga mwekundu na wa kijani, hivyo inapenya vichujio vyote. Negativu (picha za kinyume kwenye mkanda wa kamera) zote mbili zinakuwa nzito, mwanga kidogo tu unapita kufikia mihuri, nayo inabaki myembamba, rangi haishiki. Unapata krimu. Na nyeupe hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo joho la kaizari na nguo za msiba, ambazo China ni nyeupe, zinalingana. Buluu iliyokolea huzuiwa sana kote kuwili, inatoka ya giza. Kuta nyekundu za kasri hazina shida, na ngozi za watu ndizo zinazopendeza kuliko vyote.

Ili njano isomeke, kitambaa kilipaswa kuvuta kwenye chungwa; hapo kichujio cha kijani kilizuia kidogo na wekundu ukashika.

Zile kingo zenye rangi pembeni mwa vitu usizidhanie zimeletwa na mwendo wa vitu, maana fremu mbili zilipigwa kwa wakati mmoja. Angalia nguzo iliyosimama tuli: kama nayo ina ukingo mwekundu, mihuri ilipishana wakati wa kugandamizwa, au negativu zilisinyaa.

Na ukishaiskani filamu hiyo, usipandishe njano kwenye kompyuta. Kila kilichokuwa cheupe, hata mawingu, kitavaa joho la kaizari.

Wako,
Salim