Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TPHPA: Majani makavu ya mibuni bado yana kazi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, Arusha.

Salaam. Mimi ni mkulima wa kahawa Kilimanjaro, na ninakuandikia kuhusu kumbukumbu za vielelezo vya kutu ya majani, yaani majani ya mibuni yenye ugonjwa huo wa kuvu, yaliyokaushwa na kuhifadhiwa.

Kuvu hii ilipewa jina la kisayansi, Hemileia vastatrix, mwaka 1869. George Thwaites wa bustani ya Peradeniya, Sri Lanka, alipeleka Uingereza majani ya mbuni yenye unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, na wataalamu wa kuvu Berkeley na Broome wakayachunguza. Kahawa ya kisiwa kile iliangamia, mashamba yakageuzwa ya chai. Mkusanyiko wa Berkeley ulihifadhiwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, na hadi leo wataalamu wanaurejea.

Mheshimiwa, thamani ya jani kavu iko kwenye kibandiko chake: limechumwa wapi, lini, mwinuko gani, aina gani ya mbuni, na nani. Sisi wa vihamba (mashamba ya nyumbani) vya juu mlimani tumezoea kwamba baridi huipunguza kutu makali. Lakini mwaka 2012 na 2013 ililipuka Amerika ya Kati hadi kwenye mashamba ya milimani. Je, hapa kwetu nayo inapanda? Mtu hawezi kujibu kwa kukumbuka tu. Vielelezo vya miaka mingi, vyenye mwinuko na tarehe, vinaweza. Mwaka 2013 pia wanasayansi walisoma vinasaba vya kimelea cha ugonjwa wa baka jani chelewa (late blight) wa viazi kutoka kwenye majani yaliyokaushwa karne ya 19. Kwa njia hiyo tungeweza kujua mapema kama kutu inabadilika na kuishinda mibuni chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, tuliyoipanda kwa matumaini makubwa.

Naomba, basi, kila kielelezo cha kutu kilichopo kwenye Hebaria ya Taifa, ghala la mimea iliyokaushwa, kipigwe picha, na kibandiko chake kinakiliwe mahali ambapo mkulima na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) watakisoma bure. Vile vilivyochumwa nchini mwetu na kuhifadhiwa nje, nakala zake ziombwe. Na ukusanyaji uendelee: afisa ugani wa kata akipewa magazeti ya kukaushia, bahasha na simu yenye GPS, anaweza kuanza msimu huu, kabla hatujapulizia mrututu, dawa ya shaba ya kuua kuvu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima wa kahawa, Kilimanjaro