Nyuki wa Shimoni: Kwa Nini Tunachimba, na Kwa Nini Tunalipisha

Kazi yetu ni kutoa nyuki waliojenga chini ya ardhi kwenye nyumba za watu hapa Mombasa. Kila masika yakiisha tunasikia malalamiko mawili, na mara nyingi yanatoka kwa mtu mmoja. La kwanza ni la bei: "Elfu saba kufukuza wadudu?" La pili linakuja kesho yake asubuhi, pamoja na video: "Mlisema mmewatoa. Na hawa je?"

Juzi mteja wetu wa Nyali alituma video kama hiyo, akaongeza kuwa tumemla pesa yake. Tuliitazama. Ni nyuki wachache wanazunguka pale palipokuwa na mlango wa kiota. Hao ni wachumaji, wale wanaotoka kutafuta chakula, waliolala nje. Wameikariri njia ya kwao, wanarudi na hawaikuti nyumba. Malkia hayupo, masega hayapo, hawana cha kulinda. Siku mbili tatu wanatawanyika au wanakufa, maana msimu wa kazi nyuki mfanyakazi haishi zaidi ya wiki sita hivi. Tulimweleza hayo kabla ya kuondoka na yako nyuma ya risiti. Hatumlaumu sana, mtu aliyeumwa wiki nzima akiona nyuki mmoja tu anafunga madirisha.

Sasa hili la bei.

Nyuki wa asali wa huku kwetu hachimbi shimo. Anaingia palipo wazi, na Mombasa palipo wazi hapakosekani. Chini ya udongo wetu kuna mwamba wa matumbawe wenye vijipango vya kila namna. Weka na vichuguu vilivyohamwa, mashimo ya maji machafu yaliyoachwa, visanduku vya mita ya maji. Mwenye nyumba hana habari mpaka kijana wa kukata nyasi apite na mashine. Ule mngurumo na mtetemo juu ya vichwa vyao nyuki hawauvumilii.

Hapo ndipo akili ya petroli inapokuja. Lita moja shimoni, kibiriti, kwisha. Tulikuta kazi hiyo Bamburi: soja alimwaga petroli jioni, bahati nzuri hakuwasha. Nyuki wa karibu na mlango walikufa. Waliobaki walitokea upande wa pili, nyuma ya vyungu vya maua, ambako hakuna aliyejua kuna tundu, wakawakuta watoto uani. Mndimu uliokuwa hapo ukakauka. Sisi tulipofika hatukuweza kuokoa sega hata moja, na udongo ulibidi utolewe kwa toroli. Mama mwenye nyumba alilipa karibu mara mbili ya bei tuliyomtajia mwanzo, ile aliyosema ni ya wizi.

Dawa ya mende ya kopo nayo inadanganya. Ukipuliza, unaona maiti mlangoni, unafurahi. Lakini majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyozibwa kwa nta hayafikiwi vizuri. Toka yai mpaka nyuki kamili ni karibu wiki tatu, kwa hivyo unaodhani umewamaliza wanazidi kutoka kidogo kidogo. Na hata wote wakifa, nyumba imebaki. Hakuna tena wa kupepea, joto letu unalijua, masega yanalegea na asali inavuja. Wanakuja siafu, panya na nondo wa nta. Halafu ile harufu ya nta inaliita kundi jingine linalopita kutafuta makao. Ndiyo maana kuna nyumba zinapata nyuki kila mwaka, watu wakaanza kusema wametumiwa.

Kuziba kwa simiti ndiko kubaya kuliko yote. Tudor kuna bwana aliziba mlango vizuri kabisa, kazi safi ya fundi. Siku ya pili nyuki walitokea sebuleni, kwenye bomba la nyaya nyuma ya televisheni. Ilibidi tuvunje simiti yake na sehemu ya ukuta.

Sisi tunakuja alasiri. Kwanza tunakaa mbali tukitazama mlango. Nyuki wakiingia na chavua miguuni, ujue ndani kuna majana, hawa wamekaa. Moshi wetu ni wa makumbi ya nazi, si tairi. Tunafungua udongo kwa mtaimbo polepole mpaka sega la kwanza lionekane, na hapo jembe linawekwa chini, mikono inafanya kazi. Sega bichi la majana ni laini, lina joto kama mkate uliotoka tanuri, ukilibana limekwisha. Kila moja linakatwa kwa kisu na kufungwa kwa uzi kwenye fremu ya mzinga. Malkia akishaingia, wengine wanamfuata wenyewe. Mzinga unaachwa palepale mpaka giza liingie, ndipo tunauziba na kuupeleka shamba, kilomita nyingi kutoka hapo ili wachumaji wasirudi. Shimo tunalikwangua nta yote, tunalijaza kokoto na udongo, tunalishindilia. Kazi ndiyo hiyo. Sh7,000 kwenye udongo, Sh12,000 chini ya mwamba au simiti.

Na asali? Wengi wanaamini tunafuata nyuki tule asali. Kiota cha uani mara nyingi kina asali kidogo yenye mchanga, na kama mmepuliza dawa tunaizika yote. Ikiwa safi ni yako, lete bakuli.

Tena si kila tundu ni kazi. Kizingo tuliitwa kwa nyuki weusi wadogo kama nzi, wanaingia kwenye kijibomba cha nta kilichochomoza ardhini. Hao hawana mwiba. Tulichukua nauli tu tukamwambia awaache.

Ukitupigia, tuambie mlango uko wapi na umeuona lini. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu karibu na shimo, ondoka. Ni harufu ya kuitana kwa vita. Ukidungwa, kwangua mwiba hapo hapo, usingoje. Mbwa usimfunge uani, mwingize ndani, maana aliyefungwa hana pa kukimbilia. Na kama mmeshamwaga kitu humo, semeni mapema. Tutanusa tu.