Barua ya Wazi kwa Wazazi Waswahili wa Chekechea Marekani: Wiki Tatu Kabla ya Likizo ya Baridi

Wanangu,

Nawasalimu mlioko Minneapolis, Columbus, Dallas, Sioux Falls na kwingineko Marekani ambako mtoto wa miaka mitano hupanda basi la njano asubuhi kungali na giza. Mmetoka Bukavu na Goma, wengine Mombasa, wengine Kigoma na kambi ya Nyarugusu, lakini Novemba ikiisha swali lenu ni moja: wiki hizi tatu kabla ya likizo ni za nini, ikiwa watoto wanakata karatasi na kuimba tu? Wengine hata hawaulizi. Wameshakata tiketi ya ndege ya tarehe 10 Desemba kwa kuwa nauli bado haijapanda.

Nauli ya tarehe 10 ni nafuu, sibishi. Ila kwa umri ule, kukata karatasi ndiyo kusoma kwenyewe. Katika majimbo mengi, mtoto anapomaliza chekechea anatakiwa ahesabu hadi 100 kwa moja moja na kwa kumi kumi, aandike namba 0 hadi 20, na ajumlishe na kutoa ndani ya 5 bila kusitasita. Desemba mwalimu anayaingiza hayo ndani ya sherehe. Mnyororo wa karatasi mnaouona ukutani una pete moja kwa kila siku iliyobaki. Kila asubuhi inakatwa moja na watoto wanaulizwa zimesalia ngapi. Hiyo ni hesabu ya kutoa. Kura ya nani anapenda kakao ya moto na nani maziwa inachorwa kwenye chati, nao wanasema upande upi una wengi na umezidi kwa wangapi. Kibanda cha biskuti kina mraba, mstatili na pembetatu. Nyimbo za tamasha zina vina, na sikio linalotambua vina hujifunza kusoma kwa wepesi. Kama safari haiahirishiki, andikieni ofisi ya shule mapema na mumwombe mwalimu awaambie wiki hizo watafanya herufi zipi na namba zipi. Hayo yanatosha kufanyiwa kazi hata sebuleni kwa bibi yake Tabora.

Begi lifunguliwe kila jioni. Desemba ndiyo mwezi wa makaratasi: siku ya nguo za kulalia, siku ya sweta za kuchekesha, karatasi ya kujiandikisha nani ataleta vikombe na nani leso za karatasi, fomu ya kuchanga kitabu cha kubadilishana. Siku ya nguo za kulalia si mzaha wala mtego; mtoto anakwenda shule kweli na pajama, na aliyevalishwa suti siku hiyo ndiye atakayelia. Pajama iwe nzito, na viatu viwe vya kawaida, kwa sababu watatoka nje kucheza. Kama Kiingereza cha karatasi kinawashinda, ombeni mkalimani. Shule za umma zinawajibika kuwapa wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa, wala huo si msaada wa kuombewa radhi. Msimgeuze mtoto wa darasa la nne kuwa mkalimani wa mdogo wake.

Sasa nguo, maana hapa ndipo wengi mnapokosea na mwalimu hana muda wa kuwaambia. Darasa la watoto 24 likivaa kwa ajili ya kutoka nje, kila mmoja akihitaji msaada wa dakika moja tu, zimekwenda dakika 24, na mapumziko yenyewe huenda ni dakika 20. Mtoto asiyejua kuvaa hubaki na jasho mlangoni huku wenzake wakicheza. Mfundisheni nyumbani mpangilio huu: suruali ya theluji kwanza, kisha mabuti, kisha koti, kisha kofia, glavu mwisho. Akianza na glavu hawezi tena kufunga zipu. Akivaa mabuti kabla ya suruali ya theluji, atayavua tena yote mawili. Koti lina ujanja wake: litandikwe sakafuni likitazama juu, kofia yake ikiwa miguuni pa mtoto, ainame, aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, alirushe juu ya kichwa hadi mgongoni. Fanyeni mara tatu kila jioni kwa wiki moja, naye atawashangaza.

Glavu za vidole vitano msimnunulie mtoto wa chekechea. Vidole viwili vitaingia tundu moja na kazi itasimama. Nunueni zile zenye kidole gumba peke yake, zisizopenya maji, na ziwe jozi mbili, kwa kuwa za sufu zikishika theluji zinalowa na mkono unaganda. Skafu ndefu ziacheni nyumbani. Hunasa kwenye telezi za uwanjani. Kamba za kufungia kofia za makoti ya watoto zilishatolewa mwongozo wa usalama na serikali mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo, basi koti la mtumba lenye kamba shingoni likatwe kamba. Badala ya skafu, kipo kitambaa cha shingo cha kuvalia kichwani. Msichana mwenye misuko minene anahitaji kofia ya saizi kubwa, la sivyo ataibeba mfukoni mwezi mzima. Mwenye hijabu avae ya pamba nyepesi ncha zikiingia ndani ya koti, kofia juu yake. Na jina liandikwe ndani ya kila kitu, kila glavu peke yake, kwa kalamu isiyofutika. Makoti meusi ya aina moja huwa sita darasani.

Chakula cha sherehe. Najua mikono inawawasha kukaanga mandazi. Ulizeni kwanza. Shule nyingi hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani, zinataka cha dukani kilichofungwa na chenye orodha ya viungo, kwa sababu ya mizio. Sheria ya Marekani inataja vyakula tisa vya mzio: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa tangu Januari 2023. Kwa hiyo kashata za karanga na za ufuta zibaki nyumbani hata kama ni tamu kiasi gani, na msimtilie mtoto mfukoni ampe rafiki. Nanyi mnaokula halali, angalieni vipande vile vyeupe laini vinavyoelea kwenye kakao: vina jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe. Mwambieni mwalimu siku kadhaa kabla, mumpelekee pakiti ya vile vya halali. Asubuhi ya sherehe yenyewe atasahau, si kwa ubaya.

Wakiwaomba wazazi kusaidia vibanda vya biskuti, jitokezeni, ila vijengwe jioni ya siku iliyotangulia. Kila kibanda ni pakiti ndogo ya maziwa ya shule iliyooshwa na kukaushwa, ikagandishwa biskuti bapa kuta nne na mbili za paa. Gundi yake ni aisingi: sukari ya unga gramu 450, unga wa ute wa yai vijiko vikubwa 3, maji ya uvuguvugu vijiko 5 hadi 6, vipigwe kwa mashine dakika 7 hadi 10 mpaka vijiko vikiinuliwa vilele vibaki vimesimama. Kuta zikiteleza, basi maji yamezidi au hamkupiga vya kutosha. Ukigandisha asubuhi ile ile, paa litaanguka mikononi mwa watoto 24 kwa pamoja, na hakuna mwalimu anayestahili hilo. Ulizeni pia kama yuko mwenye mzio wa yai, kwani ute huo ni yai.

Kuhusu imani. Wapo Waislamu kati yenu, wapo Mashahidi wa Yehova, wapo Wakristo wanaoudhika kwamba Yesu hatajwi vya kutosha. Shule ya umma inaruhusiwa kufundisha habari za sikukuu za dini, hairuhusiwi kuwafanyisha watoto ibada. Kesi ya Florey iliyohusu programu za Krismasi katika shule za Sioux Falls iliamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 1980: nyimbo na alama za dini zinaweza kuwemo kama sehemu ya utamaduni, kwa kiasi na bila upendeleo. Kama kuna jambo hamlitaki, andikeni barua fupi kabla ya Desemba kuanza, mtaje ni jambo gani na mtoto afanye nini wakati huo. "Asishiriki Krismasi" haitoshi, kwa sababu mwalimu hatajua kama mti wa misonobari umo au haumo. Na msimtoe mtoto darasani kwa sababu ya sanamu ya theluji. Theluji haina dini.

Kisha itakuja ile barua pepe: "Tunajifunza sikukuu za dunia, wewe unasema Kiswahili, utakuja kutuambia habari za Kwanzaa?" Nendeni, ila semeni kweli. Kwanzaa ni sikukuu ya Wamarekani weusi. Ilianzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga, inasherehekewa tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, na maneno yake yamechukuliwa kwenye Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mkiwaambia watoto kwamba kwenu Uvira mliisherehekea kila mwaka, yupo mtoto mwenye bibi aliyeisherehekea tangu ujana wake, naye atawasikiliza kwa huruma. Semeni: lugha ni yetu, sikukuu ni ya ndugu zetu wa hapa.

Fomu ya wanaojitolea ijazwe mapema, kwani wilaya nyingi huchunguza kwanza rekodi za polisi na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Siku yenyewe bebeni kitambulisho. Mtoto wa miaka mitano hukaa ametulia dakika 10 hivi, basi gaweni dakika 20 zenu: tano za kuonyesha kanga na mkeka halisi wauguse, tano za kuhesabu moja hadi kumi huku wakipiga makofi, zilizobaki za kufanya kazi kwa mikono. Kwanzaa ina mishumaa saba, ila ya kweli hairuhusiwi darasani. Fanyeni ya karatasi au ya betri, mweusi mmoja katikati, myekundu mitatu kushoto, ya kijani mitatu kulia. Mweusi ndio huwashwa kwanza.

Kazi ya mikono inayofaa kuliko zote ni mkeka wa karatasi. Karatasi nyeusi ya sentimita 23 kwa 30 ikunjwe katikati ibaki 23 kwa 15. Chora mstari sentimita 2.5 kutoka ukingo ulio wazi, ndipo ukate kuanzia kwenye mkunjo hadi mstari huo, kila sentimita 2.5, mikato 8. Ukipita mstari, mkeka umekwisha. Halafu vipande vyembamba vya upana huo huo na urefu wa sentimita 23, vinne vyekundu na vinne vya kijani kwa kila mtoto. Kwa watoto 24 hizo ni karatasi nyeusi 24 na vipande 192. Karatasi moja inatoa vipande 12, kwa hiyo nyekundu 8 na kijani 8 zinatosha, na ongezeni mbili mbili za kuharibika. Kateni nyumbani; makasi ya watoto yatamaliza muda wote. Kosa la kila mwaka ni kipande cha pili kuanza kama cha kwanza. Cha kwanza kianzie chini, cha pili juu, cha tatu chini tena, na kila kimoja kisukumwe juu kibanane na mwenzake, ncha zipakwe gundi. Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani: mwalimu atafurahi, maana mpangilio unaojirudia ni somo lake pia.

Tamasha halina mengi. Fikeni dakika 15 kabla, kaeni, msimwite mtoto kwa jina akiwa jukwaani; ndicho kinachowafanya waanze kulia. Picha zenye watoto wa wenzenu msizirushe mitandaoni.

Siku ya mwisho kabla ya likizo, shule nyingi hufunga mapema. Basi likimleta mtoto wa chekechea saa saba mchana na hakuna mtu mzima kituoni, wilaya nyingi humrudisha shuleni, nanyi mtapigiwa simu kazini. Tazameni kalenda leo.

Nyumbani wakati wa likizo someni naye dakika 10 kwa siku, kwa Kiswahili au lugha yoyote mnayoijua vizuri. Maharage 100 yapangwe kumi kumi. Jina lake aliandike herufi kubwa mwanzo tu, zinazofuata ndogo, kwa sababu wengi wenu mnawafundisha kuandika yote kwa herufi kubwa na mwalimu anaanza upya Januari.

Na kabla ya kuondoka shuleni siku hiyo ya mwisho, piteni kwenye sanduku la vitu vilivyopotea lililoko karibu na ofisi. Likizo ikiingia, shule nyingi hugawa vilivyobaki, na glavu za bluu mlizozitafuta wiki nzima huenda zimo humo.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa chekechea