Kabla ya kuuliza pikapu inavuta kilo ngapi, fungua mlango wa dereva

Kazi yetu ni kufunga viungio vya trela na breki zake, na swali tunaloulizwa kila siku ni lilelile: "Hii pikapu inavuta kilo ngapi?" Mara nyingi anayeuliza anajua jibu, kaliona kwenye tangazo. Kilo 4,500. Trela ya kulala aliyoipenda, ikishapakiwa, itafika kilo 2,700. Kwake hesabu imekwisha, na anashangaa tunapomwomba afungue mlango wa dereva.

Pale kwenye nguzo ya mlango kuna stika ndogo ya matairi na mizigo. Inataja, kwa kilo na kwa ratili, uzito wa watu na mizigo ambao haupaswi kuzidishwa. Hiyo ndiyo namba inayoamua. Kwa pikapu za nusu tani, yaani daraja la kina F-150, injini huwa haimwangushi mtu. Kinachoisha mapema ni uwezo wa kubeba, kwa sababu trela haivutwi tu, inaegemea pia. Shingo yake inakaa juu ya kiungio, na uzito unaoshuka pale unahesabika kama mzigo uliopakia mwenyewe kwenye bodi.

Trela ya kulala inayotulia barabarani huweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye shingo. Wako wanaojaribu kuukwepa uzito huo kwa kurundika vitu nyuma ya trela ili shingo iwe nyepesi. Tafadhali usifanye hivyo. Trela yenye shingo nyepesi huanza kuyumba, kwanza kidogo, halafu mkia unamburuza mbwa.

Tuchukue mfano wa kawaida. Stika inasema kilo 680, yaani ratili 1,500. Baba kilo 90, mama 70, watoto wawili pamoja 70: tayari 230. Trela ya kilo 2,700 kwa asilimia 13 inashusha kilo 351 kwenye kiungio. Kiungio chenyewe, kile cha vyuma vya kusambaza uzito (vinavyosukuma sehemu ya uzito wa shingo kuelekea ekseli nyingine), ni kama kilo 40. Jumla 621. Zimebaki kilo 59 za mbwa, jenereta, kuni, baiskeli na lile sanduku la vifaa ambalo hakuna anayekumbuka kulihesabu. Ukiwa umefunga kava gumu juu ya bodi, huenda umeshapita. Na hii ni pikapu iliyotangazwa kuvuta kilo 4,500!

Tangazo halidanganyi. Linazungumzia gari lililopimwa katika hali fulani. Kipimo ambacho watengenezaji wa Marekani wanakifuata, SAE J2807, kinahesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68, bila familia wala jenereta. Kina majaribio magumu, mojawapo ni kupanda mlima wa Davis Dam kule Arizona kwenye joto kali, kwa hiyo si namba ya kubuni. Ila si safari yako.

Jina "nusu tani" nalo lisikuchanganye. Zamani pikapu za daraja hili zilikadiriwa kubeba kama ratili 1,000, nusu ya tani ya Kimarekani. F-150, Silverado 1500, Ram 1500 na Tundra za leo zinabeba zaidi ya hapo, jina tu ndilo limeng'ang'ania.

Usinunue kwa kusoma jina la modeli. Pikapu mbili za jina moja, mwaka mmoja, rangi moja, zinaweza kuwa na stika zinazopishana kwa kilo mia na zaidi. Ile yenye paa la kioo, viti vya ngozi vinavyojisogeza kwa umeme, kabini kubwa na magurudumu manne yanayoendeshwa, imeshakula sehemu ya mzigo wake kabla hujaingia. Ile ya kawaida, ambayo muuzaji anaipitia haraka, mara nyingi ndiyo mvutaji bora. Tunajua haifurahishi kusikia. Ukienda kuangalia gari, piga picha ya stika kabla ya kupiga picha ya dashibodi.

Kwa upande wa trela, tahadhari na uzito mtupu ulioandikwa kwenye brosha. Tangi la maji la lita 150 likijaa ni kilo 150, na likiwa mbele ya ekseli sehemu yake inashuka moja kwa moja kwenye shingo. Betri na mitungi ya gesi hukaa palepale mbele. Halafu kuna sufuria, magodoro, viti vya kukunja. Sisi hatutumii uzito mtupu kabisa. Tunaanza na uzito wa juu ulioruhusiwa wa trela, na tukikosea, tunakosea upande salama.

Ukitaka kujua trela gani inakufaa, anza nyuma. Kwenye mfano wetu, toa watu 230, kiungio 40, na mizigo ya bodini tuseme 100. Zimebaki 310. Gawanya kwa 0.13, unapata trela ya kama kilo 2,385 ikiwa imepakiwa. Gawanya kwa 0.15 kama hupendi kubahatisha, unapata kama 2,065. Tofauti na 4,500 unaiona mwenyewe.

Mteja mmoja alikuja akitaka tumfungie mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, kwa sababu pikapu ilikuwa imekaa chini na taa zinamulika juu ya miti. Tungeweza kumfungia, gari lingenyanyuka na pesa tungepata. Lakini mifuko inanyanyua mwili wa gari tu. Ekseli, breki na matairi ni vilevile, na stika haibadiliki. Tulimpeleka kwenye mizani ya malori. Akapima pikapu ikiwa na trela, magurudumu ya pikapu peke yake juu ya mizani na vyuma vya kusambaza uzito vimelegezwa, kisha akapima bila trela. Tofauti ndiyo uzito wa shingo. Ilitoka kilo 410, yeye alikuwa anakadiria 250. Aliporudi alihamisha vifaa, akamwaga maji aliyokuwa akiyabeba bila sababu, na mifuko hatukuifunga.

Mengine ni mafupi. Kidhibiti cha breki za trela, kifaa cha ndani ya gari kinachoziamuru breki hizo, ni lazima, na kama hakikuja na gari tunakifunga. Soma pia kibandiko cha kiungio, maana kikomo chake bila vyuma vya kusambaza uzito huwa kidogo kuliko kikiwa navyo. Difu yenye uwiano wa gia wa 3.55 au 3.73 itapanda mlima kwa urahisi kuliko ya 3.31, ila mafuta utayalipia.

Ukija kwetu, njoo na picha mbili: stika ya mlango wa pikapu na kibati cha uzito cha trela. Kama trela hujainunua bado, vizuri zaidi.