Aliyepunguzwa tumbo asilazimishwe bakuli la mtori

Ndugu Mhariri,

Upasuaji wa kupunguza uzito unapoandikwa magazetini, msomaji huonyeshwa picha mbili: mtu kabla ya kufanyiwa, na mtu yuleyule baada ya mwaka. Kilicho katikati hakiandikwi. Tunaomba nafasi tukieleze, kwa sababu wanaofanyiwa upasuaji huu Dar es Salaam, Nairobi au India hurudi kuuguzwa nyumbani kwao huku Kilimanjaro, kama Majengo, Soweto, Kibosho na Machame, na wanaowauguza ni mama, dada na wakwe ambao hawakuwapo daktari alipokuwa akitoa maelekezo. Na desturi yetu huku inajulikana. Mtu akitoka hospitali, tunapika. Mtori uko jikoni kabla hajashuka kwenye gari. Kwa mama aliyejifungua ni sawa kabisa, ila kwa huyu bakuli hilo linaweza kumrudisha alikotoka.

Kwanza ijulikane kilichofanyika ndani. Katika aina moja ya upasuaji, robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, unabaki mrija mwembamba. Katika aina ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo cha takriban mililita 30, sawa na vijiko viwili vya chakula, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba ili chakula kisipite sehemu kubwa ya tumbo la zamani. Kwa vyovyote vile, ndani kuna mshono mrefu ulioshikwa kwa pini ndogo za titani, na nyama za pembeni yake zimevimba. Kwa hiyo wiki za mwanzo njia ya chakula ni nyembamba kuliko itakavyokuwa baadaye. Mengi anayoyasikia mgonjwa yanatokana na uvimbe huo.

Siku mbili tatu za kwanza, wengi hulalamikia bega kuliko tumbo. Ndugu hushtuka na kuanza kulikanda kwa mafuta ya moto, na hiyo haisaidii, kwa sababu bega halina tatizo. Wakati wa upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili daktari aone vizuri. Hewa inayobaki huchokoza kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni, mahali palepale inapotoka mishipa ya bega. Ubongo unadhani bega ndilo linalouma. Dawa yake ni kutembea: dakika tano ndani ya nyumba, kila saa akiwa macho. Kutembea huko huko husaidia gesi ya tumboni itoke na damu isigande miguuni. Tumbo nalo litanguruma kwa sauti ambayo hata aliyekaa jirani ataisikia. Hiyo ni hewa na maji vikipita kwenye njia mpya, wala haina maana kwamba ana njaa.

Tunasisitiza hilo la njaa kwa sababu hapo ndipo familia hupotoka. Homoni ya njaa, grelini, hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, sehemu ileile inayotolewa katika upasuaji wa mrija. Mgonjwa anaweza kukaa miezi bila kusikia njaa ya kweli. Anachosikia, na wengi hukiita njaa, ni kitu kinachotafuna kwenye chembe ya moyo, kinachokuja hata dakika 20 baada ya kula. Mara nyingi hiyo ni asidi. Chakula hakiitulizi. Inatulizwa na omeprazo au dawa ya jamii hiyo, ambayo kwa kawaida mgonjwa huandikiwa kwa miezi kadhaa, na wengi huiacha baada ya wiki mbili kwa kuona wamepona.

Shibe nayo haiji kama zamani. Haijazi tumbo, bali hubana nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya chembe. Wengine hupata kwikwi moja, wengine pua huanza kutoa majimaji au hupiga chafya. Hizo ndizo dalili za kusimama, na zikija kijiko kinachofuata kiachwe hata kama kiko mdomoni. Akikimeza, kinachofuata ni maumivu makali ya kifua, kisha mdomo kujaa mate mazito yenye povu, kisha kucheua kila kilichoingia. Kila anapotapika, anaukaza mshono ambao haujapona. Basi mama au shangazi anayesema “ongeza kidogo tu, mbona hujala kitu” ajue anaomba nini.

Lakini hatari kubwa ya mwezi wa kwanza ni maji. Wengi wanaorudishwa hospitali wiki hizo wamekaukiwa, na sababu ni rahisi: aliyezoea kunywa bilauri nzima kwa mara moja sasa hawezi, na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Njia yenyewe ni hii. Chukueni kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji, chenye alama ya mililita 30. Kijazeni, kinywewe kwa mafundo madogo ndani ya robo saa. Kikiisha kijazwe tena. Kwa saa moja ni mililita 120, na kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni ni lita moja na nusu, ambayo ndiyo inayotakiwa. Maji ya baridi kali huwabana baadhi ya watu, yakawa mazito kana kwamba yamekaa kifuani, hivyo wajaribu ya uvuguvugu, au chai ya rangi nyepesi bila sukari, au supu iliyochujwa. Asinywe kwa mrija, maana humeza hewa. Asinywe soda wala kinywaji chochote chenye gesi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, na kichwa kikizunguka kila anapoinuka kitandani, amekaukiwa tayari. Asipoweza kushusha hata hayo mafundo kwa siku nzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa chakula. Kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba ya daktari aliyempasua ndiyo ya kufuata, ila kwa wengi huwa hivi: siku chache za vitu vyepesi vya majimaji, wiki mbili hivi za vinywaji vizito vyenye protini, kisha vilivyosagwa laini hadi wiki ya nne au zaidi, kisha vilainifu, na chakula cha kawaida kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Lengo la kila siku ni protini gramu 60 hadi 80. Hapo uji wa sukari unashindwa kabisa. Mtori wenyewe, ukipikwa kama tunavyoupika, ni ndizi nyingi na nyama kidogo iliyobaki vipande. Ugeuzeni: nyama au kuku wengi, ndizi moja tu ya kushikiza, visagwe kwenye blenda hadi visibaki nyuzi, vipite kwenye chujio, tena si kabla ya hatua ya vyakula vya kusagwa. Asile zaidi ya vijiko vinne au vitano vya chakula, kwa kijiko cha chai, ndani ya nusu saa. Maji yasinywewe pamoja na mlo. Asubiri nusu saa baada ya kula, kwa sababu maji husukuma chakula kitoke mapema au huchukua nafasi yake.

Maziwa mgando, yale wanayochanganyia loshoro kule Arusha, ni msaada mkubwa. Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu nane za protini, na wale ambao maziwa mabichi sasa yanawaharisha mara nyingi wanayamudu, maana sehemu ya sukari yake imeshaliwa na uchachu. Yai moja lina gramu sita. Perege wa Nyumba ya Mungu, akichemshwa na kutolewa miiba, hupita vizuri kuliko nyama yoyote. Ugali, chapati, mkate mbichi na nyama choma ndivyo vinavyokwama zaidi: ugali hujishikamanisha ukawa donge mlangoni mwa mfuko, na nyama kavu ina nyuzi ambazo meno ya haraka hayazimalizi. Visubiri hadi daktari atakaporuhusu, na hata hapo kila tonge litafunwe mpaka liwe uji mdomoni.

Kwa waliounganishiwa utumbo kuna jambo jingine linalowatisha watu bure, au kuwapeleka kununua dawa ya malaria isiyohitajika. Akinywa chai yenye sukari nyingi, juisi ya miwa au soda, sukari hushuka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba kwa sababu hakuna tena mlango wa kuizuia. Utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linakata na kuharisha, anataka kulala chini palepale. Wengine hupatwa baada ya saa moja hadi tatu, kwa namna nyingine: mwili umetoa insulini kupita kiasi, sukari ya damu imeshuka, anatetemeka na kuishiwa nguvu. Wa kwanza alale apumzike, itapita. Wa pili apimwe sukari, na ikiwa imeshuka apewe kitu kidogo chenye sukari kisha chenye protini. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi awe na mpango wa daktari kabla hajatoka wodini, kwa kuwa dozi ya zamani inaweza kumwangusha wiki ya kwanza tu. Dawa za presha nazo vivyo hivyo.

Dawa za maumivu: paracetamol ndiyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia duka la dawa, hapana. Zinatoboa vidonda kwenye kiungo kipya, na vidonda hivyo huweza kuvuja damu bila kuuma kwanza.

Yapo yasiyosubiri asubuhi. Mshono ukivuja, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, dalili ya mapema huwa mapigo ya moyo kwenda mbio, kabla hata homa haijapanda. Jifunzeni kuyahesabu: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Mtu aliyelala ametulia akiwa na zaidi ya 120, na hayashuki, aende hospitali usiku huohuo, hasa kama anahema kwa shida, ana homa, tumbo linauma zaidi badala ya kupungua, au maumivu ya bega la kushoto yamerudi baada ya kuwa yamekwisha. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au kifua kikichoma ghafla wakati wa kuvuta pumzi, inaweza kuwa damu iliyoganda. Ndiyo maana safari ya basi kutoka Dar hadi Moshi, zaidi ya kilomita 550 umekaa, isifanywe bila ruhusa ya daktari. Ikibidi, avae soksi za kubana, azungushe vifundo vya miguu njiani, na kila basi linaposimama ashuke atembee.

Baada ya miezi mitatu mwili hubadilika tena. Nywele huanza kutoka kwa mafungu kwenye kitana, na kwa kawaida huendelea hadi karibu mwezi wa sita au zaidi, kisha huota. Baridi humwingia kuliko wengine nyumbani, maana blanketi la mafuta limepungua na mwili unachoma kidogo. Juni na Julai huko Marangu atahitaji sweta mbili, na si mgonjwa. Wanawake hedhi huweza kubadilika na uwezo wa kushika mimba kuongezeka, wakati inashauriwa mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki kwa aliyeunganishiwa utumbo, bora njia nyingine. Hasira na kilio bila sababu ya wazi navyo hutokea. Na majirani wataanza kunong’ona kwamba kakonda hivyo ana maradhi gani. Hilo linauma kuliko mshono. Familia iwe upande wake hadharani, hata kama yeye hapendi siri ya upasuaji wake itajwe.

Pombe, ikiwemo mbege ya msibani au ya harusi, sasa hupanda haraka na kukaa muda mrefu. Kikombe kimoja kinaweza kufanya kazi ya kadhaa.

Mwisho, ombi kwa wagonjwa na kwa wenzetu wa zahanati. Mgonjwa awe na karatasi pochini yenye jina la upasuaji, tarehe, hospitali na dawa anazotumia, vikiwemo vitamini na madini yake: B12, chuma, kalisi na vitamini D, ambavyo kwa wengi ni vya maisha, chuma na kalisi vikipishana kwa saa mbili au zaidi. Akija kwenu ametapika siku nyingi, msikimbilie dripu ya glukosi. Kwa kutapika huko akiba ya vitamini B1 huisha haraka, na glukosi ikitangulia inaweza kumalizia kidogo kilichobaki na kudhuru ubongo. Mchome B1 kwanza, ndipo dripu ifuate, na kama anaona vitu viwiliviwili, anayumba akitembea au amechanganyikiwa, mpeni B1 mara moja na mpigieni simu daktari wa rufaa wakati gari linaandaliwa.

Wauguzi na maafisa lishe,
Moshi.